Dola 1.000 brut (kabla ya makato) kwa mtu wa kompyuta Lubumbashi: mfukoni inaingia ngapi?

Kodi_ya_Katuba
Jambo yenu wote. Swali la mahesabu, ya mwaka 2024: sheria na taux zote humu ni za mwaka huo. Kontra iko mezani: kazi ya kutengeneza programu, ofisi upande wa Golf. Imeandikwa "1.000 USD brut, makato ya sheria juu ya mfanyakazi". Mfanyakazi ana mke na watoto 3. Mwajiri anasema atapokea 700 "kwa sababu IPR (kodi ya mshahara) ni 30%". Mtu mwingine wa ofisi hiyohiyo anasema 850. Haiwezekani wote wawili wawe na haki. Anayejua kulipisha mishahara atuwekee hesabu mstari kwa mstari. Dola tuichukue kwa 2.800 FC (franka za Kongo) ili tusigombane juu ya taux, bei ya kubadilisha.

Mama_Fishi
Mdogo wangu, wote wawili wamekosa, ila wa 850 anaweza kuwa na haki kama mshahara umepangwa vingine. Nitakuja huko. Kwanza utaratibu, maana makosa mengi yanatoka kwenye utaratibu, si kwenye kuzidisha.

Unaanza na brut kwa franka: 1.000 × 2.800 = 2.800.000 FC. Unatoa CNSS (mchango wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi, 5%: 140.000. Inabaki 2.660.000. Hiyo 2.660.000 ndiyo inayotozwa IPR. Narudia: IPR haikamati brut, inakamata kinachobaki baada ya CNSS.

IPR ina tranchi (ngazi za pato) nne. Sheria inaziandika kwa mwaka, lakini kwa mwezi zinatoka hivi:

hadi 162.000 FC: 3%
162.001 hadi 1.800.000: 15%
1.800.001 hadi 3.600.000: 30%
kupita 3.600.000: 40%

Kila kiwango kinakamata kipande chake tu. Kipande cha kwanza: 162.000 × 3% = 4.860. Cha pili: 1.638.000 × 15% = 245.700. Cha tatu: 2.660.000 ukitoa 1.800.000 ni 860.000, mara 30% = 258.000. Jumla 508.560 FC.

Sasa familia. Kila mtu aliye chini yako (unayemtunza) anapunguza IPR kwa 2%, mwisho watu 9. Mke na watoto 3 ni watu 4, yaani 8%. 8% ya 508.560 ni 40.685. IPR inabaki 467.875.

2.660.000 – 467.875 = 2.192.125 FC. Gawanya kwa 2.800: dola 782,90. Asiye na mtu yeyote chini yake angepokea 768,37.

Kwa hiyo 700 ni hesabu ya mtu aliyepiga 30% juu ya brut nzima akaenda kulala. Na tena, kwa hesabu yake hata CNSS haimo.

Ruashi_Router
Mama, lakini DGI (idara ya kodi) wenyewe wanasema IPR haipiti 30%. Basi ukiingia tranchi ya tatu unalipa 30%, si ndiyo?

Mama_Fishi
Hapana baba. Hiyo 30% ni paa. IPR yako yote, ukijumlisha vipande, haiwezi kupita 30% ya kiasi kinachotozwa. Paa halikugusi mpaka uifikie. Kwa mtu wetu hapo juu, 30% ya 2.660.000 ni 798.000, na yeye analipa 467.875. Yuko mbali sana chini ya paa.

Kenya_Serva
Kwa wale wenye kupenda Excel kuliko kalamu. Tranchi hizo zinaweza kufupishwa. Kiasi baada ya CNSS kiko A2:

=MIN(0,3*A2;MAX(0,03*A2;0,15*A2-19440;0,3*A2-289440;0,4*A2-649440))

MAX inachagua tranchi yenyewe, huna haja ya SI (IF) kumi zilizopangana. MIN ya nje ndiyo paa la 30%. Kisha unazidisha matokeo kwa (1-0,02*B2), B2 ikiwa idadi ya watu chini yako, isipite 9. Kama kompyuta yako iko kwa Kiingereza, badilisha koma ya desimali kuwa nukta na nukta-mkato kuwa koma, bila hivyo itakutupia kosa.

Jaribu na 2660000, lazima itoke 508560. Ikitoka 550560, umeweka brut ndani ya A2 bila kutoa CNSS. Kosa hilo peke yake linamkula mfanyakazi 42.000 FC kila mwezi, dola 15. Liko kwenye fishi (karatasi za mshahara) nyingi kuliko watu wanavyofikiri, sababu mhasibu anaanzisha faili moja halafu inanakiliwa miaka.

Kodi_ya_Katuba
Aksanti mukubwa, inatoka 508560. Mama Fishi, ulisema wa 850 anaweza kuwa na haki. Namna gani?

Mama_Fishi
Ni mpango wa mshahara. Sheria ya kodi inaacha nje vitu hivi, kila kimoja na sharti lake:

Pesa ya nyumba: haitozwi IPR kama haipiti 30% ya mshahara wa msingi.
Pesa ya usafiri: haitozwi kama safari ya nyumbani hadi kazini ni ya lazima, na kiasi ni cha kweli, kisipite bei ya hapa. Kipimo ni mbio (safari) 4 za taxi kwa siku kwa kadre (mfanyakazi wa ngazi ya juu), mbio 4 za basi kwa wengine.
Matibabu: hayatozwi mradi gharama isionekane imetiwa chumvi.

Posho ya kisheria ya watoto nayo haitozwi, mradi haipiti kiwango cha sheria.

Na upande wa CNSS, Kanuni ya Kazi ya 2002 (sheria 015/2002) haihesabu nyumba, usafiri, matibabu na posho ya kisheria ya watoto kuwa mshahara. Kwa hiyo 5% haizigusi.

Chukua dola zilezile 1.000, uzigawe: msingi 700, nyumba 210 (ndiyo 30% ya 700 kamili), usafiri 90.

Msingi kwa franka: 1.960.000. CNSS 98.000. Inabaki 1.862.000. IPR: 4.860 + 245.700 + (62.000 × 30% = 18.600) = 269.160. Toa 8% ya familia, 21.533: inabaki 247.627. Basi kwenye msingi anabakiwa na 1.614.373. Ongeza nyumba 588.000 na usafiri 252.000. Jumla 2.454.373 FC, dola 876,56.

Kutoka 782,90 hadi 876,56. Dola 93 na zaidi kila mwezi, mwajiri hajaongeza hata senti. Tena yeye mwenyewe anapunguza, kwa sababu CNSS yake pia inapigwa kwenye 700.

Kampemba_Kabo
Ndiyo maana kampuni zingine zinaweka msingi 300, nyumba 500, "prime" (bonasi) 200, wanasema yote safi.

Mama_Fishi
Na ndiyo maana DGI wanapokuja kukagua wanafungua fishi kwanza. Msingi 300 inaruhusu nyumba 90. Zile 410 zilizobaki zinarudishwa ndani ya kodi, pamoja na adhabu. Prime inatozwa yote. Jina "prime" halimwokoi mtu: prime ya mradi, ya uaminifu, ya cheti, zote ni mshahara.

Usafiri nao una kipimo chake. 252.000 FC kwa mwezi wa siku 22 ni mbio 88, sawa na 2.864 FC kwa mbio moja. Kwa kadre anayepanda taxi unaweza kuitetea. Kwa fundi wa mitandao asiye kadre, kipimo ni basi, na basi haifiki huko. Kipande kinachopita kinatozwa. Na kama kampuni inakupitia na gari lake asubuhi na jioni, pesa ya usafiri juu yake haina mguu wa kusimamia.

Ruashi_Router
Na pesa ya intaneti? Kampuni nyingi zinatupa watu wa kompyuta dola 50 za megabaiti.

Mama_Fishi
Kama kampuni inalipa mtandao moja kwa moja kwa ajili ya kazi, hicho ni chombo cha kazi, sawa na kompyuta anayokupa. Kama inakupa dola 50 mkononi kila mwezi bila faktire (ankara) wala hesabu, ni mshahara, na itatozwa. Tofauti ni karatasi.

Kenya_Serva
Watu wanasahau upande wa pili wa mpango huu. CNSS ikihesabiwa kwenye 700, pensheni nayo inajengwa kwenye 700. Kama kontra inasema mwezi wa 13 ni "msingi mmoja", basi mwezi wa 13 ni 700, si 1.000. Kijana wa miaka 25 anaweza kusema pensheni ni ya wazee. Mtu wa miaka 50 afikirie vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kusaini usiulize tu net (kinachobaki mfukoni). Uliza msingi ni ngapi, nyumba ngapi, usafiri ngapi, na mwezi wa 13 unapigwa juu ya nini. Majibu hayo manne yakiandikwa ndani ya kontra, net unaitafuta mwenyewe.

Mwana_Kamalondo
Kwa wenye mishahara mikubwa kuna jambo la ajabu kidogo. Injinia wa usalama wa mitandao, kampuni inayofanya kazi na migodi, 2.500 USD brut, hana mtu chini yake. 7.000.000 FC. CNSS 350.000. Inabaki 6.650.000. Vipande: 4.860 + 245.700 + 540.000 + (3.050.000 × 40% = 1.220.000) = 2.010.560. Lakini 30% ya 6.650.000 ni 1.995.000. Paa limemshika: analipa 1.995.000. Net 4.655.000 FC, dola 1.662,50.

Mahali ambapo paa linaanza ni 6.494.400 FC baada ya CNSS, yaani kama dola 2.441 brut kwa taux yetu. Kutoka hapo kwenda juu, kila dola unayoongezwa inakuachia senti 66,5. Lakini aliye katikati, baada ya CNSS akiwa kati ya 3.600.000 na 6.494.400, kila dola anayoongezwa inamwachia senti 57 tu. Mwenye 1.800 anaumia kwenye nyongeza kuliko mwenye 3.000. Sijui nani alipanga hivi, lakini ukienda kujadiliana ujue uko ngazi gani. Kati ya 1.400 na 2.400, dola 100 ya nyumba halali ina uzito kuliko dola 150 ya msingi.

Kampemba_Kabo
100 kuliko 150? Onyesha.

Mwana_Kamalondo
150 × 0,57 = 85,50. Nyumba halali 100 ni 100. Mradi jumla ya nyumba haijapita 30% ya msingi.

Kampemba_Kabo
Sawa.

Likasi_Linux
Naongeza jambo la taux, kwa sababu hapo ndipo mshahara wa dola unapungua bila mtu kugusa kontra. Tranchi za IPR zimeandikwa kwa franka na hazisogei na dola. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu 2.000 FC. Dola 1.000 brut ilikuwa 2.000.000, toa CNSS 100.000, inabaki 1.900.000, IPR 280.560 FC, yaani dola 140,28 kabla ya familia. Mwaka 2024 kwa 2.800 IPR ya dola 1.000 zilezile ni 508.560 FC, dola 181,63. Zimeondoka dola 41 kwa mwezi. Mshahara ni uleule, mtu ni yuleyule, ila franka zimekuwa nyingi na zimemsukuma zaidi ndani ya tranchi ya 30%.

Kwa hiyo mtu anayesema "mbona net yangu ya mwaka jana ilikuwa juu kidogo" asikimbilie kumtuhumu mhasibu. Aangalie kwanza taux iliyoandikwa kwenye fishi.

Ruashi_Router
Na kama taux ya fishi si taux ya siku?

Likasi_Linux
Hapo kuna mchezo. Kampuni inahesabu IPR kwa taux ya juu, halafu inakulipa franka kwa taux ya chini. Mfano: net kwenye fishi ni dola 782,90. Kwa 2.800 ni 2.192.125 FC. Akikulipa kwa 2.700 unapata 2.113.830. Tofauti 78.295 FC, karibu dola 28. Fishi inasema kweli, pesa inasema lingine. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya kontra: taux ya kuhesabia makato na taux ya kulipia ni moja, ile ya Banki Kuu ya siku ya malipo. Mwajiri mwenye nia nzuri hatabisha hapo.

Mama_Fishi
Hapo Likasi amesema. Na mfanyakazi ana haki ya kupewa hesabu iliyoandikwa kila anapolipwa. SMS ya banki si fishi. Fishi inayofaa ina brut kwa vipande vyake, taux, CNSS, kiasi kinachotozwa, watu walio chini yako, IPR, na net. Mstari wa "watu chini yako" ukisoma 0 na wewe una watoto 3, peleka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwa wa mishahara. Wazazi wako, au wa mwenzako, wanaoishi ndani ya nyumba yako nao wanahesabiwa. Wengi hawajui hilo.

Kosa lingine la hapohapo: kuna wanaotoa ile 8% kwenye mshahara, si kwenye IPR. 2.660.000 ikipunguzwa 8% inakuwa 2.447.200, IPR inashuka hadi 444.720. Mfanyakazi anafurahi, net imepanda. Siku ya ukaguzi mwajiri anadaiwa tofauti, na mara nyingi anatafuta namna ya kuirudisha kwako.

Kodi_ya_Katuba
Mwajiri amerudi sasa anasema: "Tuache brut, nakuahidi net 1.000 kama hauna familia kwenye fishi." Brut yake ni ngapi?

Kenya_Serva
Unarudi nyuma. Net 2.800.000 FC. Ukiwa ndani ya tranchi ya tatu, net = 0,7 × kiasi kinachotozwa + 289.440. Basi kinachotozwa = (2.800.000 – 289.440) ÷ 0,7 = 3.586.514. Ni chini ya 3.600.000, kwa hiyo tranchi ni sahihi. Ingepita, ungerudia na 0,6 na 649.440. Gawanya kwa 0,95 kurudisha CNSS: 3.775.278 FC. Dola 1.348,31 brut.

Mama_Fishi
Na yeye anatoa zaidi ya hapo. Juu ya brut mwajiri anaongeza CNSS yake 13%: 5 ya pensheni, 6,5 ya posho za familia, 1,5 ya hatari za kazi. Kisha INPP (taasisi ya mafunzo ya kazi), 3% kwa kampuni yenye wafanyakazi 1 hadi 50, 2% kwa 51 hadi 300, 1% kupita hapo. Na ONEM (ofisi ya ajira), kipande kidogo chini ya asilimia moja. Kampuni ndogo: 1.348,31 × 1,16 = 1.564 na ONEM juu. Ndiyo maana akisikia "net 1.000" anakunja uso. Haina maana anakudanganya.

Lakini akikuandikia net ndani ya kontra, hakikisha brut pia imeandikwa. Net peke yake inampa nafasi ya kukuweka CNSS kwenye msingi wa kijinga na wewe usione.

Annexe_API
Tunaongea juu ya wa ofisi tu. Wengi hapa wanafanyia wateja wa nje, Marekani na Ulaya, wakiwa nyumbani Lubumbashi. Hao wanahesabu namna gani?

Mwana_Kamalondo
Kwanza upande wa Marekani. Kazi unayoifanya ukiwa hapa haihesabiwi kuwa pato la Marekani, hata kama mteja ni wa huko. Mteja atakuomba fomu W-8BEN (ya kuonyesha kwamba kikodi wewe si wa Marekani) kama wewe ni mtu binafsi, W-8BEN-E kama ni kampuni. Usipoitoa, anaweza kukukata 24%. Ukiandika vibaya ikaonekana pato ni la huko, inaweza kwenda 30%. Kwenye sehemu ya mkataba wa kodi usijaze chochote: Kongo na Marekani hawana mkataba huo. Fomu inadumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, kisha unajaza upya. Haiendi kwa serikali, inabaki kwa mteja.

Upande wa hapa: ukiandikisha biashara ya mtu mmoja kwenye Guichet Unique (ofisi ya kuandikisha biashara) ukapata RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho ya taifa) na namba ya kodi, mauzo yakiwa kati ya 10.000.000 na 80.000.000 FC kwa mwaka uko kwenye kodi ya biashara ndogo: 1% ya mauzo kwa anayeuza bidhaa, 2% kwa anayetoa huduma. Chini ya 10.000.000 ni kiasi kimoja kidogo kwa mwaka mzima, basi. Kupita 80.000.000 unaingia kwenye TVA (kodi ya ongezeko la thamani) 16% na vitabu kamili vya hesabu.

Mfano dola 1.500 kwa mwezi: 18.000 kwa mwaka, 50.400.000 FC. 2% ni 1.008.000 FC, dola 360 kwa mwaka, 30 kwa mwezi.

Annexe_API
Na mfanyakazi wa 1.500 brut?

Mwana_Kamalondo
4.200.000, toa 210.000, inabaki 3.990.000. IPR 0,4 × 3.990.000 – 649.440 = 946.560. Net 3.043.440 FC, dola 1.086,94. Bila familia.

Kampemba_Kabo
1.470 dhidi ya 1.087. Watu wote wahamie freelance basi!

Mama_Fishi
Polepole. Katika hizo 1.470 hakuna likizo ya kulipwa, hakuna matibabu, hakuna pensheni, na mwezi ambao mteja hana kazi ni sifuri. Betri, inverta na mafuta ya jenereta SNEL (kampuni ya umeme) ikikata ni juu yako. Kompyuta ni yako. Ukitoa hayo yote, pengo linakuwa dogo sana kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Na jambo la hatari: kampuni ya hapa ikikwambia "andika faktire, usiwe mfanyakazi", huku unaingia saa 2 asubuhi, unatumia kompyuta yao, unapewa amri na mkubwa wao kila siku, hiyo ni kontra ya kazi hata kama karatasi inaitwa huduma. Mkaguzi anaangalia nani anakuamuru. Ukiumia njiani kwenda kwao, CNSS haikujui.

Likasi_Linux
Kwa wa freelance, makato makubwa mara nyingi hayatoki kwenye kodi, yanatoka njiani. Uhamisho wa banki wa kimataifa una namna tatu: OUR, mteja analipa gharama zote, SHA, kila mtu upande wake, BEN, zote juu yako. Wengi wanapokea SHA bila kujua, na banki ya katikati inakata kabla pesa haijafika. Andika OUR kwenye faktire. Halafu unganisha: faktire moja ya mwezi ni bora kuliko nne za wiki, kwa sababu mara nyingi gharama inapigwa kwa kila uhamisho, si kwa kiasi. Na ukitoa kwa mobile money, ada inahesabiwa kwa ngazi. Angalia jedwali kabla ya kugawanya, mara nyingine kutoa mara moja kunakuwa bei ndogo kuliko mara tatu.

Ukipokea kaunta noti za dola, zihesabu na uziangalie palepale. Noti iliyopasuka hata kidogo pembeni, au ya zamani, mbadilishaji atakukata au ataikataa kabisa. Ukishatoka mlangoni banki haikujui.

Ruashi_Router
Swali la mwisho upande wangu. Mwezi wa 13 ulilipwa pamoja na Desemba, IPR ikaruka sana. Ni sawa?

Kenya_Serva
Mhasibu amejumlisha miezi miwili na kuipiga kwenye tranchi za mwezi mmoja. Tuchukue 1.000 brut bila familia. Desemba na mwezi wa 13: 5.600.000, toa CNSS 280.000, 5.320.000. IPR 1.478.560. Ukiongeza miezi 11 ya 508.560, mwaka unatoka 7.072.720.

Lakini tranchi za sheria ni za mwaka: 1.944.000, 21.600.000, 43.200.000. Pato la mwaka ni 13 × 2.660.000 = 34.580.000. IPR: 58.320 + 2.948.400 + 3.894.000 = 6.900.720. Amekatwa 172.000 FC zaidi, dola 61. Mwombe afanye hesabu ya mwaka ndani ya fishi ya Desemba. Programu nyingi za mishahara zina kisanduku cha kurekebisha mwaka. Kinakuwa kimezimwa tu.

Ruashi_Router
Na akikataa?

Mama_Fishi
Mpelekee hesabu hii imeandikwa, si kwa mdomo, kabla ya tarehe 15 Januari. IPR ya Desemba inatangazwa na kulipwa DGI mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kabla ya hapo kurekebisha ni kubadilisha mstari mmoja. Baada ya hapo pesa imekwenda, na kuifuata ni karatasi juu ya karatasi, hakuna mhasibu anayeipenda kazi hiyo.

Na mkiwa mnapita mjini, ingieni CNSS na namba yenu muulize michango iliyoandikwa kwa jina lenu. Kukatwa 5% kwenye fishi ni jambo moja, kufika kwenye akaunti yako ni lingine. Mwezi unaokosekana ukionekana mapema, mwajiri bado yupo, faili bado ipo. Ukionekana baada ya miaka 10, kampuni imebadilisha jina mara mbili.

Kodi_ya_Katuba
Aksanti Mama, aksanti wote. Nimemrudishia mpango wa 700 + 210 + 90 na sentensi ya taux. Ameomba siku mbili.

Mama_Fishi
Angalia asikuletee 650 + 210 + 140. 30% ya 650 ni 195.